Makofi Yaliyotangulia Msafara

Kisangani, mwezi wa nane 1978

Kwa Citoyen Commissaire wa Zone,
Ofisini kwako

Citoyen Commissaire,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, kwa sababu benchi lililo nje ya ofisi yako limejaa watu walioambiwa warudi kesho. Mimi pia ni wa kesho, tangu mvua zilizopita. Jina langu ni Assumani Kitenge, mbeba mbao katika kiwanda cha mbao kilicho karibu na mto, mzaliwa wa Kasongo. Shule niliiachia darasa la nne, mwalimu wetu alipokwenda kutafuta chaki na hakurudi. Kwa hiyo nikikosa adabu mahali fulani, laumu chaki.

Shida yangu ni moja. Karatasi yangu ya safari, ile feuille de route, imelala ndani ya droo yako. Bila karatasi hiyo sipandi treni ya Ubundu, sipandi meli ya Kindu, na mama yangu, ambaye sijamwona kwa miaka tisa, ataendelea kuuliza wapita njia wa Kasongo kama nimekufa. Mwandishi wako, Citoyenne Élise (jina hilo la Kizungu sheria imelifuta, lakini ukimwita kwa lile jipya hageuki), ameniambia karatasi haitatoka mpaka nieleze kwa nini mimi, "mpiga makofi wa kwanza", niliwaongoza raia wa avenue nzima kushangilia pikipiki tano za kizee badala ya msafara wako.

Basi naeleza. Maelezo yangu yamegeuka malalamiko njiani. Nimeyapa namba, ili ukichoka ujue umeishia wapi.

1. Kuhusu kungoja. Jumamosi ile tulifanya salongo, kazi yetu ya lazima ya kila Jumamosi, lakini safari hii haikuwa kufyeka majani tu. Tuliambiwa utapita na wageni wakubwa wa Chama kutoka Kinshasa. Tukaziba mashimo yaliyokuwa na umri wa watoto wetu. Tukafagia. Barabara ikawa laini kama meza ya padri. Malori yakakatazwa kupita, mbuzi wakafungwa, askari wa kambi ya Kapalata wakaweka kizuizi. Kisha tukapangwa kando ya barabara mpaka kwenye tribune, jukwaa la wakubwa, tukaambiwa utafika asubuhi. Sisemi ulichelewa. Mkubwa hachelewi, ni sisi tuliowahi. Tuliwahi mpaka jua likatupita vichwani, na kivuli kikahamia upande wa pili wa barabara, ambako haturuhusiwi kwenda.

2. Kuhusu mafundisho tuliyopewa. Mama Agathe, anayeongoza nyimbo za kupokea wakubwa, alipita mbele yetu na kutuambia: "Mukisikia pikipiki, mupige mikono. Wakubwa banatanguliwaka na pikipiki." Mtu mmoja nyuma yangu akauliza, "Na tukisikia kitu kingine?" Mama Agathe akamjibu, "Musisikie kitu kingine."

Bon. Tulisikia pikipiki. Zilikuwa tano, zimesongamana, waendeshaji wamevaa mashati meupe, vumbi nyuma yao kama mkia. Askari wa kizuizini aliinua mti na kupiga saluti. Sasa, Citoyen Commissaire, ikiwa askari aliyefundishwa na Serikali alipiga saluti, mimi niliyefundishwa na mbao ningefanya nini? Nilipiga makofi. Kama nisingepiga, na kumbe ni wewe, barua hii ningeiandikia mahali ambapo hata benchi hakuna.

3. Kuhusu watu wenyewe. Nimepanga chumba katika parcelle, yaani uwanja wenye nyumba, ya papa Jafari, fundi wa cherehani, ambaye ndiye mzizi wa ugonjwa huu, kwa hiyo naweza kukueleza bila upendeleo. Jafari na wenzake hukusanya pikipiki ndogo za Kijapani zilizoingia mji huu ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, zile ambazo mtu mzima akizipanda magoti yanakaribia masikio. Wanazifukua chini ya mabanda ya kuku na ndani ya maghala ya Wagiriki walioondoka. Moja ilitoka Isangi kwa mtumbwi, imelala juu ya samaki wa moshi, na mpaka leo paka wanaifuata. Wanazifungua, wanazisugua, wanazijenga upya. Zikishapona, wanashindana nani atatangulia kufika mahali ambapo hakuna hata mmoja wao mwenye shughuli.

Na hawa ni watu wazima! Mmoja ni mwalimu, mmoja ni muuguzi. Breki wanaivuta kwa waya wa baiskeli. Karatasi ya kuziba injini wanaikata kwenye kalenda ya mwaka uliopita. Suzuki, ambayo hutaka mafuta ndani ya petroli yake, ikikosa mafuta ya dukani inapewa mawese yaliyochujwa, na moshi wake unanuka makemba, zile ndizi kubwa, ya kukaanga. Fikiria mateso yangu: natoka kazini na njaa, naisikia harufu toka kwenye kona, natembea haraka nikisema leo jirani amenikumbuka, nafika, nakuta sufuria yangu baridi na Jafari amekaa ndani ya wingu, anacheka.

Mimi sijui lolote la pikipiki. Nasikia tu kupitia ukuta. Ile Honda nyekundu yenye namba nne, kwa mfano, ndiyo yenye sauti nzuri kuliko zote. Nilitaka kuandika: ndiyo inayosumbua kuliko zote.

Nilimuuliza Jafari kwa nini walichagua siku ile. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Assumani, ndugu yangu, barabara ya namna ile itatengenezwa tena lini? Hakuna shimo, hakuna lori, hakuna mbuzi, na jeshi limeifunga! Tulisema tupite mbio, tumalize pale kwenye tribune mbele Commissaire hajafika. Nani alijua mutaimba?" Nikamuuliza, na mlipotuona tunaimba? "Alors, mutu akikuimbia, unafanya je? Unapunga mukono."

4. Kuhusu hotuba. Aliyefika wa kwanza mbele ya tribune, akiwapita wenzake kwa urefu wa gurudumu moja tu, ni mwalimu Timothée, juu ya hiyo nyekundu. Alisimama pale kwa sababu ndipo walipokubaliana mwisho wa mashindano. Mkuu wa avenue yetu, ambaye macho yake yamechoka, aliona pikipiki imesimama mbele ya tribune na mtu mwenye miwani na vumbi ameshuka. Akateremka, akamvika maua, akafungua karatasi, akamsomea hotuba yote. Hata sehemu ya utii aliisoma mara mbili.

Ilipokwisha pakawa kimya. Wewe huwajui walimu. Mwalimu hawezi kuacha kimya kikae bure. Timothée akajibu. Alitushukuru kwa kufagia. Akasema ameona kina mama wanatembea mbali na ndoo, akaahidi kwamba avenue itapata kisima. Citoyen Commissaire, nimepangwa kando ya barabara nyingi katika mji huu, na sijawahi kumsikia mkubwa akishukuru kwa kufagia. Hapo tulishangilia mpaka ngoma ikapasuka.

5. Kuhusu ulipofika. Ulifika, na sisi tulikuwa tumekwisha. Wimbo wako uliimbwa kwa sauti za vyura wenye kikohozi. Maua yako yalikuwa shingoni mwa Timothée, kwa hiyo Mama Agathe alikuvika majani ya mihogo, nami naomba radhi kwa niaba ya mihogo. Nusu ya raia walikuwa wamekwenda kula. Wewe ulituahidi nidhamu, na tuliobaki tuliipokea kwa nguvu zilizobaki.

Askari wakazikamata pikipiki zote tano na kuzipeleka nyuma ya ofisi yako. Waendeshaji walihojiwa, wakaachiliwa, kwa sababu kushangiliwa si kosa. Kosa ni kushangilia. Na ripoti ikasema kofi la kwanza lilitoka upande wa wabeba mbao. Siwalaumu walioandika. Mikono iliyozoea mbao hutoa kofi lenye sauti.

6. Kuhusu kisima. Hili ndilo baya kuliko yote, na nashangaa halimo katika ripoti. Timothée anachimba. Nilimwambia, mwalimu, ulisema tu, hata wakubwa husema tu. Akanijibu, "Niliahidi mbele ya tribune, watoto ninaowafundisha walikuwa wanasikia." Kila jioni yuko shimoni pamoja na Jafari na wale wengine, maana hawana tena pikipiki za kuwashughulisha. Wamefika kwenye kifua cha mtu, na udongo umeanza kuwa na unyevu. Kina mama wanawapelekea lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, mimi nanusa tu.

Naomba uone hatari yenyewe. Watu wa avenue wakizoea kwamba neno lililosemwa mbele ya tribune linaweza kutoa maji, kesho watakuja kukuuliza wewe. Msafara wako mwingine utakapopita, wataleta ndoo.

7. Kuhusu mama yangu. Aliniandikia barua kwa mkono wa katekista, ingawa sisi ni Waislamu, kwa sababu katekista ndiye mwenye kalamu. Anasema macho yanaondoka. Anasema paa linavuja upande wa kitanda. Ananiita nirudi: "Mutoto wangu akuye, hata mikono mitupu." Nilipoondoka Kasongo nilimwambia nitarudi nikiwa na kitu, na kwamba atanisikia kabla hajaniona. Ndiyo maneno ya kijana. Sasa mgongo wangu unalia kila nikiinama, kiwanda kimenipa likizo yangu ya kwanza, na likizo inaisha ndani ya droo yako.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo kwa heshima.

Kwanza, karatasi yangu itoke, kwa kuwa nimethibitisha kwamba nilikosea kwa utii, na kosa la utii ndilo kosa pekee ambalo Serikali imetufundisha vizuri.

Pia naomba, ili raia wasichanganyikiwe tena, wakubwa watangulie mbele ya pikipiki zao, au waje kwa baiskeli, tuwatambue kwa jasho. Kama hilo ni zito, basi watu wa Jafari wapewe kazi ya kutangulia misafara yote. Wao hufika kwa saa waliyosema.

Na kama hayo mawili hayawezekani, naomba ukate mzizi. Pikipiki zote tano zitupwe mtoni, pale kwa Wagenia, kwenye maji makali. Nimekwisha kuwauliza wavuvi. Wamesema hawana neno, mradi zitupwe chini ya mitego yao na si juu yake, maana mtego wa samaki ukipokea Suzuki unararuka, na samaki wa eneo lile hawajazoea mawese. Mimi mwenyewe, ingawa nimechoka, nitasaidia kuzibeba bila malipo. Mambo haya ya watu wazima kuchezea vyuma vya kizee yakome kabisa, mji upate usingizi.

Nimalizie hapo, karatasi imebaki kidogo. Wasalimie nyumbani kwako, mama wa nyumba na watoto. Msalimie Citoyenne Élise na kesho yake. Wasalimie walinzi wa mlangoni, ambao sasa wananijua kwa kikohozi, na mbwa wa ofisi, ambaye peke yake hupokea watu bila kuwauliza wametoka wapi. Wasalimie wale wageni wa Kinshasa, na waambie tulikuwa na sauti.

Ndimi raia aliyepiga makofi kwa nia njema,

Assumani Kitenge,
mbeba mbao

P.S. Nilikuwa nimekwisha kuifunga barua nikasikia kelele nyuma ya ofisi. Walinzi wako wanaizungusha uani ile nyekundu, namba nne, na inakohoa. Tafadhali waambie wameinywesha petroli yenye mafuta. Hiyo ni dawa ya Suzuki. Honda inakunywa petroli safi. Wamwage yote, wasafishe plagi kwa brashi ya meno, na wasiivute gesi mpaka ipate joto, itanizibia kabureta.

Ni yangu. Nimeijenga miaka mitatu katika uwanja wa Jafari, toka fremu iliyokuwa imeota mchicha. Siku ile ningeiendesha mwenyewe, lakini nilipangwa kando ya barabara kukungoja wewe, ndipo Timothée akaipanda badala yangu. Nilipoiona inatoka kwenye kona, ya kwanza, nilipiga makofi kabla Mama Agathe hajainua mkono. Barabara nzima walikosea. Mimi peke yangu sikukosea.

Sina karatasi nyingine ya kuandika upya, kwa hiyo soma hivi: zile nyingine nne usizitupe, ni za watu na wamezihangaikia. Na mimi usinipe feuille de route bila Honda. Mama hawezi tena kuona vizuri. Nataka anisikie nikiwa bado kwenye kona.