Nilivyolikana Jina Langu Makambako

Leo nimepatikana, wenzangu. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Makambako, maana wao watatia chumvi. (Na kisa chenyewe hakihitaji chumvi.)

Mnajua leo ndiyo siku niliyokuwa naenda Makambako, kwa kina Tumaini, kuposa. Mshenga wangu ni Baba Zakaria, mzee wa kanisa wa kule Yakobi, mtu wa maneno machache na usingizi mwingi. Tukapanda basi la asubuhi hapa Njombe. Yeye akalala kabla hatujatoka stendi. Mimi nikatoa kitabu. (Cha Kiingereza. Nilikishika juu kidogo, abiria waone.)

Ni riwaya ya zamani ya kutisha, niliikuta ndani ya mfuko wa koti la mtumba. Kuna maonyesho yanayohama mji hadi mji, yana bembea, mazingaombwe na hema kubwa. Mwenye maonyesho ni bwana mrefu, koti jekundu hadi magotini, vifungo vya dhahabu, kofia nyeusi iliyosimama kama sufuria. Anajua majina ya watu asiowahi kuwaona. Anakuita huku anatabasamu. Ukiitika tu, unaingia hemani na hutoki.

Mimi si mwoga. Nafundisha darasa la saba. Nilisoma mfululizo mpaka pale bwana yule anapomwita mtoto wa mchungaji, na mtoto anafungua mdomo aitike. Basi likasimama.

Nikashuka, kidole bado kwenye ukurasa. Nikainua macho.

Alikuwa amesimama mbele yangu. Koti jekundu hadi magotini. Vifungo vya dhahabu. Kofia. Anatabasamu.

"Lameki Mligo," akasema.

Makambako pana upepo, lakini ubaridi nilioupata haukuwa wa upepo.

"Mimi siye," nikasema.

"Si Mwalimu Mligo wa Njombe?"

"Simjui."

"Twende, bwana. Tumefunga turubai, watu wameshakaa, wanakungoja wewe tu."

(Turubai, hema, kwa mtu anayekufa tofauti yake nini?)

"Sina jina!" nikapiga kelele. "Jina langu hulipati, shetani wewe!" Nikaruka robota la mitumba, nikajibanza nyuma ya mama muuza viazi. Stendi nzima ikageuka kutazama.

Nikamsikia Baba Zakaria akishuka kwenye basi, anapiga miayo.

"Kamwene, Mzee Sanga," akasalimia. "Umependeza."

Mzee Sanga. Baba yake Tumaini. Mfanyabiashara wa mitumba. Siku hizi za ruksa, mitumba ikiwa imefunguliwa, robota linakuja na kila kitu, na lake la wiki hii lilikuja na suti hiyo nyekundu na kofia yake, ambayo hajapata kuona mfano wake maishani. Hakuiuza. Aliiweka aivae siku ya mkwe wake, akaja stendi mwenyewe kunipokea, picha yangu ameshaonyeshwa na Tumaini.

"Nashukuru," Mzee Sanga akajibu. "Lakini mkwe sijamwona. Kijana uliyekuja naye kasema si yeye. Mara tatu."

Baba Zakaria akanitazama pale nyuma ya viazi. "Petro naye alikana mara tatu," akasema polepole. "Ila yeye hakuwa anaposa."

Muuza viazi alicheka mpaka akakaa chini, nikabaki sina pa kujificha. Nikatoka.

"Shikamoo, baba. Lameki ni mimi."

"Marahaba. Hapana, mwanangu, mimi naheshimu kauli ya mtu. Mwenye jina ukimwona huko Njombe, mwambie namngoja Jumamosi."

Wakaenda kula wali, yeye na mshenga wangu. Mimi nikageuza na basi lile lile. Kitabu kimebaki kwenye viazi.

Baba Zakaria amerudi jioni, ameshiba, na ujumbe wa Tumaini: bado ananitaka, ila Jumamosi baba yake atavaa suti ile ile. Nitakwenda, na nitampata, sina wasiwasi. Kwa sasa mkipita dirishani kwangu mkanisikia naitika "naam, naam" peke yangu, msicheke. Najifunza jina langu.