Gari ya Tonton Inachemka Siku ya Ubatizo Tu

Mangobo, Kisangani

Kwa Tonton Liévin, mujomba wa bwana yangu, ndoyi mukubwa wa mutoto wangu,
Lubunga, ng'ambo ya mto

Tonton mupendwa,

Ninakuandikia nikiwa nimesimama, maana mutoto amelala pa mugongo wangu na nikikaa ataamuka. Ni yule tuliyemupa jina lako, Liévin, ndiyo mukawa ndoyi, wewe mukubwa na yeye mudogo. Na wewe, kama ndoyi mukubwa, ukatoa neno mbele ya familia: Liévin mudogo atatoka nyumbani ndani ya gari yako nyekundu ya sport kwenda kubatizwa, ao hatabatizwa. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote. Nilikuwa bado sijaona gari.

Gari ni nzuri, Tonton. Ni ya zamani kuliko bwana yangu Elisée, iko chini kama sahani, haina kipaa, na iko na viti viwili tu, maana walioitengeneza hawakujua kama watu wanazaa. Elisée anaendesha, mimi ninapakata mutoto. Wewe ukakosa nafasi, na magoti yako haipendi tena kuvuka mto. Kwa hiyo ukatuma picha yako kubwa, ile ya costume na cravate shingoni, ndani ya cadre ya mbao, tuifunge pa pua ya gari, ili ndoyi wako asiende mbele ya Mungu bila wewe. Wazo la mutu mukubwa kabisa.

Sasa, kila Jumapili tunatoka nyumbani. Mama za chorale wanaimba mbele, gari inafuata pole pole kama konokono mwenye furaha, na tukifika pa njia panda, moteri inachemka. Tunangoja ipoe. Ikipoa, misa imekwisha na padri wetu, Abbé Désiré, amekwenda kuombea watu wa chapelle ingine. Mutoto anakua, nguo nyeupe ya ubatizo nimekwisha kuifumua pa mishono yote. Nikiifumua tena, itakuwa pazia.

Kwa heshima yote, malalamiko yangu ni haya:

1. Ninalalamika juu ya elimu ya Mufundi Ismaël. Aliinamisha kichwa akasikiliza moteri kama munganga, akasema kosa iko pa thermostat, kile kizibo kidogo kinachozuia maji isizunguke mpaka moteri ipate joto. «Kisangani kuna baridi gani? Kizibo cha nini?» Akaing'oa. Jumapili gari ikachemka pale pale. Ismaël akasema hiyo ni maendeleo, maana sasa tunajua haikuwa thermostat. Bon. Kwa njia hiyo, siku moja tutajua hata haikuwa magurudumu.

2. Ninalalamika juu ya upendo wa Mama mukwe, Mama Micheline, dada yako. Yeye alisema maji ya bomba imechoka kulala ndani ya tuyo, moteri inataka maji yenye kukimbia. Wakaenda kuteka pale Wagenia, mahali maji inapigana na mawe. Radiateur, ile sanduku ya mbele inayopoza maji ya moteri, ikanywa maji pamoja na muchanga wake. Ismaël akafungua, akasafisha, akafunga. Gari ikachemka. Mama Micheline akasema maji ile ilikuwa bado na kasirani.

3. Ninalalamika juu ya shemeji yangu Jeancy na telefone yake. Anasoma université, sitaki kumusemea vibaya. Alisoma kama joint de culasse imeungua, ile karatasi ngumu inayokaa katikati ya moteri na kifuniko chake. Wakafungua moteri yote pa kiwanja, juu ya pagne yangu ya kujifunga. Joint ilikuwa muzima, inang'aa. Wakafunga. Boulon moja ya kukazia ikabaki pa pagne na hakuna anayeijua. Ukimuuliza Jeancy, anasema iko ya pagne.

4. Hapa, Tonton, ninaomba ukae. Siku za Posho, Jumamosi, Elisée anatoa picha yako ili isipate vumbi, anaenda kujaribu gari mpaka pa daraja ya Tshopo na kurudi, mushale wa joto haupandi hata kidogo. Ni Jumapili tu inachemka, tukiwa tumevaa vizuri. Familia ilikutana, ikaona ni shetani anapiga vita ubatizo. Mimi niliacha masomo mapema, siwezi kubishana na familia juu ya shetani. Lakini nilishuka, nikaweka mukono mbele ya radiateur pale upepo ungeingia. Hakuna upepo, Tonton. Kuna wewe. Na gari yenyewe inatembea mwendo wa chorale, hata upepo ukitaka kuzunguka pembeni ya masikio yako, haupati nguvu. Mvuke unatoka chini ya cravate yako, watoto wa kartie wanaimba: «Tonton amekasirika! Tonton amekasirika!» Watu wa toleka, wale wanaobeba abiria, wanatupita na vélo zao, wanapiga kengele: «Mama, panda huku, hii haichemkake!»

5. Sitaki useme ninakukosea heshima. Kwa hiyo ninaomba, chagua moja. Ao tutoboe picha, pa macho na pa kinywa, moteri ipumue kupitia wewe. Ao picha ikae pa kiti changu, tuifunge na mukaba, na mimi na mutoto tukuangalie kutoka pembeni ya barabara. Ao uandikie Askofu ahamishe parokia mpaka pa njia panda, maana ni sisi tunafika pale kila Jumapili bila kukosa.

Ninacheka, Tonton, lakini siyo yote. Siku alizaliwa, pa maternité walimuweka ndani ya pamba kama yai, wakaniambia nisimuzoee. Nilimuzoea. Nikamuambia Mungu: ukimuacha aishi, nitamuleta kwako mimi mwenyewe, nimevaa vizuri. Mungu alimuacha. Deni ya maneno ni yangu, na hainipi usingizi.

Usalimie Tantine Olga, majirani wa pa gare, na kila anayekupikia sombe. Ndoyi wako anakusalimia na meno mawili.

Ni mimi mutoto wako,
Benie, muke wa Elisée

N.B. Barua ilikuwa ingali inangoja pirogue ya kuvuka mto, Elisée akatoa picha bila kungoja jibu. Jumapili gari ikaenda kama upepo, haikuchemka hata kidogo, tukafika pa kanisa mbele ya wote. Abbé Désiré akatoka na furaha, akauliza: marraine iko wapi? Marraine, mama wa ubatizo, Ma Annette, alikuwa pa njia panda na ndoo yake ya maji ya kupoza moteri, pamoja na chorale yote, maana siku hizi wanatutangulia pale. Waliona gari inapita bila picha, wakazani ni Elisée anajaribu moteri, wakatupungia mikono, wakaendelea kutungojea. Walipofika, Abbé alikuwa amekwenda.

Donc, Tonton, tafazali usikubali hata neno moja la pale juu. Picha inarudi pa pua ya gari. Ulisema mutoto atoke nyumbani ndani ya gari yako, na atatoka. Tukichemka pa njia panda, Ma Annette atamubeba, chorale itamufuata, kanisa linaonekana kutoka pale. Tutaenda na miguu. Elisée atakuja nyuma yetu mbio, na wewe utabaki mbele ya gari, unaichunga.