Sefania Alivyopigana na Bomba la Pumzi

Njooni, enyi mlioketi na mliosimama, wekeni chini majembe na karoti zenu, kwa maana katika Usambara yote hajazaliwa wa kunishinda mimi kusimulia vita. Hata ukungu wa Shume husimama kunisikiliza. Haya, husimama hata mbuzi akicheua, lakini si husimama?

Ilikuwa zama za ruksa, mitumba ilipopanda mlima kwa marobota na kila dirisha likageuka duka. Ndipo alipowasili kwenye zahanati ya Malindi, hii yetu ya mlimani si ile ya pwani, Sefania mwana wa Abrahamu, simba wa kiwanda cha mbao, baba wa Marta, mgane mwenye koti la kijani ambalo vifungo vyake vilikaa upande wa kike, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Ilikuwa siku ya kupimwa vifua, lakini dawa hakuifuata. Alimfuata Rahabu, mjane muuza kabichi, aliyekwisha kutangaza sokoni kote: "Kifua cha tumbaku nimeuguza kimoja mpaka nikakizika. Anayevuta asinipigie hodi!" Naye Sefania alikuwa ameapa mbele yake kwamba hajui hata sigara huwashwa upande gani. Tangu alfajiri alikuwa anatafuna majani ya mpera kuua harufu, ulimi ukamkauka kama gome. Na sasa, ewe balaa, Rahabu mwenyewe kapanga foleni nyuma yake, karibu kiasi cha kumnusa.

Mezani aliketi Jenipher, muuguzi kijana, kalamu yake kali kama mkuki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunawagawa watu makundi mawili, wanaovuta na wasiovuta. Tutawafuatilia miaka na miaka, tuhesabu kila upande wangapi wameugua kifua, ndipo tujue hatari ya mvutaji inamzidi mwenzake mara ngapi. Kwa hiyo niambie kweli. Unavuta?"

Sefania akahisi macho ya Rahabu yakitoboa koti. Akatunisha kifua, akanena kwa sauti ya kutikisa mabati:

"Mwanangu! Mikono hii imevuta magogo msituni, imevuta ng'ombe matopeni, imevuta jeneza la mjomba wangu mtelemko mzima wa Rangwi. Lakini sigara? Sigara haijapata kuvutwa na mwana wa Abrahamu!"

"Na mtu akidanganya?" Rahabu akauliza kwa nyuma.

"Akidanganya, mama, kikohozi chake tutawahesabia wasiovuta."

"Eti nini? Akohoe yeye, wasingiziwe wenye vifua vyao safi? Huo si wizi huo! Haya, mpe hilo bomba tumwone."

Bomba lenyewe lilikuwa dogo kama hindi changa, lina mshale ubavuni wa kupima nguvu ya pumzi, na mdomoni limechomekwa kipande cha karatasi ngumu iliyoviringwa, kila mtu na chake. Lakini Sefania aliliona kama joka lililojikunja langoni mwa ndoa yake.

"Vuta pumzi yote, baba," Jenipher akamwelekeza, "kisha weka mdomoni, upulize mara moja kwa nguvu."

Akavuta. Akavuta upepo wa Shume na harufu ya mbao, akavuta matumaini yote ya mgane anayejipikia ugali wenye mabuje, mashavu yakafura, macho yakataka kutoka kwenda kwao. Kisha akapuliza! Karatasi za mezani zikaruka, mtoto akalia, kuku akakimbilia jikoni kwa mganga wa zahanati, na mshale ukakimbia ubavuni mwa bomba kama aliyesikia pilau.

"Loo!" Jenipher akasema. "Leo nzima hajapuliza mtu hivi."

Foleni ikalipuka vigelegele. Mzee mmoja akavua kofia. Rahabu, aliyekuwa hajacheka tangu masika, akatabasamu na kurekebisha kanga yake, na Sefania akaliona tabasamu lile. Na iandikwe katika tarehe za milima kwamba siku ile mapafu ya mpasua mbao yalisimama juu ya mapafu yote ya Malindi!

Naye shujaa, amelewa sifa, akachomoa kile kipande cha karatasi. Akakibana kwa vidole viwili. Akakigonga taratibu, tik, tik, kudondosha jivu. Akakisugua kwenye soli ya kiatu mpaka kizime, akakichomeka nyuma ya sikio.

Foleni nzima ikalikodolea macho sikio lile.

"Baba Marta," Rahabu akauliza kwa upole sana, "hicho kipisi unakiweka cha nini?"

"Cha baada ya chai," akajibu Sefania.