Kuhusu Mvua Inayonyesha Ndani ya Kanisa Letu Pekee

Kabazi,
katikati ya Februari.

Kwa Ndugu Kosgei,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi.

Bwana asifiwe. Natumaini u mzima, na kwamba suti yako imekauka tangu Jumapili.

Nakuandikia kwa heshima yote niliyobaki nayo. Binti yangu Natalie anafunga ndoa katika kanisa letu Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na sitaki asimame madhabahuni akidondokewa na maji kama mtu aliyejificha chini ya mgomba. Ng'ombe wetu wanatafuna majani makavu, mto umebaki mawe, Subukia nzima inaomba mvua. Mahali pekee inaponyesha ni ndani ya kanisa, na huanza tukifika wimbo wa pili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Paa. Mlitujengea slabu bapa, mkaacha nondo zimesimama juu zikingoja ghorofa ambayo hakuna anayeikumbuka tena. Usiku slabu hiyo hupoa mpaka inakuwa baridi kama jiwe la mtoni. Asubuhi tunaingia, tunaimba, tunapumua, mvuke unapanda, unakutana na zege baridi, unaturudia ukiwa matone. Yeyote aliyewahi kufunua sufuria ya chai ameona maji chini ya kifuniko. Sijasikia aliyepanda juu ya kifuniko kukipaka lami.

2. Lami. Fundi Wanyonyi ameipaka mara nne. Kila mara anaufungia unyevu ndani ya zege, kisha anashuka ngazi akisema, "Sasa hii imekufa kabisa, boss." Jumapili inafufuka. Nilipoeleza haya mkutanoni, ulinijibu, "Mzee Kiarie, wewe umesoma sana, lakini maji hutoka juu." Watu wakakupigia makofi. Nakubali kwamba nimesoma sana. Ndiyo maana najua kuwa maji haya yanatoka kwetu.

3. Matundu ya hewa. Mliyaziba kwa saruji ili popo wasiingie. Popo walikuwa washirika wakimya, hawakuomba vyeo, na hawakuwahi kumlowesha mtu. Halafu mkaweka dari ya jipsamu tusiione slabu ikitoa jasho. Sasa jipsamu imeota ukungu mweusi juu ya safu ya tatu, na Cheptanui wa kwaya anawaambia akina mama, "Huo ni umande wa baraka, kaeni hapo hapo." Wameanza kugombania viti.

Tiba inajulikana. Fungueni matundu pande zote mbili hewa ipite. Acheni zege likauke kabla ya mtu kuligusa tena. Kisha ifunikeni slabu kwa juu, kama mtoto anavyofunikwa blanketi, isipoe usiku, na juu ya blanketi hilo wekeni mabati yenye mteremko. Lakini kamati imekataa kuligusa paa ila kwa brashi ya lami. Basi kilichobaki ni kurekebisha washirika, na ninapendekeza kwa unyenyekevu:

4. Safu za kushoto zitoe pumzi wakati wa ubeti, za kulia wakati wa kiitikio. Kwaya iimbe midomo ikiwa imefungwa. Tayari kuna wanaoimba hivyo, na hakuna aliyelalamika.

5. Ripoti yako ya maendeleo ya ujenzi isisomwe tena kanisani. Mara ya mwisho ulipoisoma niliweka beseni karibu na miguu yangu. Ulipofika kwenye "changamoto tulizokumbana nazo", ilibidi niende kulimwaga.

6. Uinjilisti usimamishwe. Kila roho inayookoka inakuja na mapafu.

7. Mazishi yapewe nafasi ya kwanza kuliko ibada nyingine zote. Marehemu ndiye mshirika pekee asiyetuongezea unyevu. Waombolezaji, ambao wana pumzi na machozi pia, wabaki nje chini ya hema.

8. Tukifuata utaratibu huu kwa uaminifu, kufikia Pasaka kanisa litakuwa tupu, na kavu kabisa. Siku hiyo kamati itatangaza kwamba lami imefanya kazi.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi, kwenye karatasi ambayo haikuhifadhiwa ofisini mwa kanisa. Nisalimie Mama Jepkemboi, watoto, wazee wote wa kamati, fundi Wanyonyi, na wale popo, popote walipopata hifadhi.

Mimi mshirika wako niliyelowa,
Sydney Kiarie.

Tanbihi: Kuhusu harusi yenyewe. Mwezi wa Machi upepo wetu unabeba vumbi la mashamba yote, nasi tumeagiza keki nyeupe. Kwa hiyo, siku hiyo tu, naomba madirisha yote yafungwe kabisa, na kama kuna tundu lolote mlilosahau kuziba, wapambaji watalifunika kwa vitambaa. Wakwe wanatoka Mai Mahiu na hawajazoea baridi yetu. Sufuria za chai ziingizwe ndani zikiwa bado zinafuka mvuke, ziwekwe pembeni mwa jukwaa wapate joto. Wageni ni wengi kuliko viti, lakini tutabanana. Kuhusu matone usiwe na wasiwasi, Mwenyekiti. Nimeongea na Wanyonyi, atapanda Ijumaa. Debe la lami liko kwangu.