Profesa na Mraba Mwekundu

Tangu kompyuta ziletwe duniani, hajatokea mtu wa kudharau kazi za wenzake kama Profesa! Uprofesa wenyewe alijipa mwenyewe, siku kinyozi alipomwuliza anafanya kazi gani. Alikuwa mtakwimu wa ofisi ya maji, lakini hilo si jina la kumtishia kinyozi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mabomba ya mji yamefungwa mita zinazotuma namba: hapa maji yanapotea kidogo, pale yanapotea sana. Profesa anazipanga namba kwenye jedwali, anaandika amri zake chache, na programu inazigeuza picha. Kila namba inakuwa mraba, kila mraba na rangi yake. Penye heri peupe, penye balaa pekundu. Basi! Kwa hilo tu alitembea ofisini kifua mbele kama jogoo aliyetaga yai.

Sasa kiti cha naibu mkurugenzi kilikuwa wazi, na maji ya mji yalikuwa yanapotea pasipojulikana. Mkurugenzi akasema atakayepaonyesha mahali penyewe, Ijumaa kiti ni chake. Profesa hata hakungoja kuchora. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe.

"Mama, Ijumaa utakuwa na mkwe naibu mkurugenzi."

Mama mkwe alikuwa hajamsifia kitu tangu siku ya posa. Siku hiyo alimwongezea chai bila kuombwa! Profesa akanywa, akajiona ameshafika. Na yule mama, kabla ya magharibi, alikuwa ameshautangazia mtaa mzima.

Asubuhi ya kikao, picha ikabandikwa ukutani. Mji wao mrefu kama mkanda: mlimani juu, bondeni chini, barabara moja katikati. Na pale juu kabisa, mlimani, ukawaka mraba mwekundu.

"Mbona haina maandishi?" Mkurugenzi akauliza. "Hata majina ya mitaa?"

"Maandishi ni ya watoto wa chekechea, mheshimiwa. Yanaharibu sura ya picha."

Kiongozi wa mafundi bomba, mwanamama mwenye sauti kubwa ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Spana, akacheka kwa pua. "Mlimani wapi! Matope yote yako bondeni. Jana nimeacha kiatu huko."

"Dada yangu," Profesa akasema, kwa ule upole wa kumwonea mtu huruma, "maji hutiririka. Yanavuja juu, yanatuama chini. Wewe umefuata kiatu, mimi nimefuata sayansi."

Watu wakacheka. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na sururu zikapakiwa garini.

Laiti angejua! Programu ile ina tabia yake moja: mstari wa kwanza wa jedwali huuchora chini, kisha hupanda. Na mstari wa kwanza wa Profesa ulikuwa wa mlimani. Kila anayeitumia huumwa nayo mara moja, akajifunza kuligeuza jedwali kwanza, au kuandika majina ya mitaa ili ajikague. Profesa hajikagui! Kujikagua ni kwa wenye wasiwasi. Basi mji mzima ulikuwa umesimama kichwa chini, miguu juu, na hakuna aliyejua.

Mafundi wakachimba mlimani, mbele ya geti la Mkurugenzi mwenyewe. Wakachimba, hakuna hata unyevu. "Ongezeni!" Profesa akapiga simu kutoka kwenye kiti chake cha kuzunguka. "Picha haikosei!" Wakaongeza. Sururu moja ikatua juu ya bomba kuu, bomba zima lisilo na kosa lolote.

Lo! Maji yalipaa kama yamefungwa miaka, bondeni lisifike hata tone. Yakaingia getini kwa Mkurugenzi, yakapanda ngazi, yakatoka na kandambili zake. Mama mkwe, jirani wa geti la pili, akatoka mbio na mkeka wake kichwani.

Profesa alipopata habari, unadhani alishtuka? Alifurahi! "Si nilisema mlimani panavuja?" Akachota namba mpya za mita, akachora picha mpya, akaichapa, akaipeleka mwenyewe kwa Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama barabarani, suruali imekunjwa magotini.

"Hii inaonyesha maji yanapotea wapi sasa hivi?" Mkurugenzi akauliza.

"Sasa hivi, mheshimiwa. Mbichi kabisa."

Mkurugenzi akaitazama picha. Akayatazama maji. Akaitazama picha tena.

"Mimi hapa nimesimama ndani ya mto. Mbona kwangu peupe, na nyekundu iko huku chini, bondeni?"

Mkurugenzi akaizungusha ile karatasi taratibu, juu ikawa chini, na mraba mwekundu ukapanda ukatua getini kwake. Mama Spana akavua kiatu, akamwaga maji yaliyokuwemo.

Jioni hiyo bomba la bondeni lilipatikana, pale pale penye matope. Ijumaa Mama Spana akakalia kiti. Na Profesa naye hakukosa cheo. Naibu mpya alisema mtu huyu anaipenda sana rangi nyekundu, basi apewe bendera nyekundu, asimame mlimani kwenye lile shimo, ayaonye magari hadi lifukiwe.

Akasimama juani, bendera mkononi, mtaa mzima ukipita unamsalimia kwa cheo chake. Mwisho akaja mama mkwe, ameanika mkeka begani. Akalichungulia shimo. Akaitazama bendera.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Ila umeishika juu chini."