Hanga la Wifi Rukia

Leo nimeadhirika, jamani. Nimeadhirika mpaka kivuli changu kinanikwepa. Naandika haya nikiwa kwenye treni ya kurudi London, mkeka mapajani, na abiria wa mbele yangu ananitazama kana kwamba ananijua. (Hanijui. Nadhani.)

Kwanza mjue jambo moja, hasa nyinyi wa bara. Kwetu Unguja, hanga ni msiba. Mtu akifa, watu hukusanyika nyumba ya wafiwa, hukaa mikekani, hunywa kahawa, husoma, hulia. Ukiambiwa kuna hanga huulizi mara mbili. Unavaa baibui, unatoka.

Sasa. Saa mbili asubuhi niko jikoni kwangu Hayes. Leo si zamu yangu ghalani, kwa hiyo nachemsha chai kwa raha zangu. Simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Zuleikha, binti wa marehemu kaka yangu. Zuleikha kazaliwa hapa hapa London. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kukisema ni kazi, na siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Leo kasema Kiswahili! Tena kwa sauti nzito, ya puani, kama mtu aliyelia usiku kucha.

"Shangazi, shikamoo. Leo hanga... ya mama. Saa tano. Njoo, please. Mama hajui kama unakuja. Nakutumia address."

Kijiko kikanidondoka. Hanga ya mama! Mama yake ni Rukia, wifi yangu. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Na masikini mtoto, eti mama hajui kama unakuja. Atajuaje, naye ndiye maiti?

Nikampigia Zuleikha. Hapatikani. Nikampigia Rukia mwenyewe (msiniulize kwa nini, akili ilishahama). Hapatikani. Hapo nikakumbuka kwamba hata angekuwa hai nisingempata, kwa sababu alinibloku miezi minane iliyopita.

Niwaambie alinibloku kwa nini, maana ndiyo iliyonitoa jasho siku nzima. Kwenye harusi ya mwanawe mkubwa, Rukia alipika biriani ya watu mia mbili. Biriani ya Rukia si mchezo, watu huisafiria. Siku ile ikatoka chumvi tupu. Wageni walikunywa maji mpaka ukumbi ukaishiwa chupa. Tangu hapo wanamwita Bi Magadi. Na mimi nilicheka pamoja na waliocheka. Rukia akaniuliza usoni, "Wifi, hukugusa sufuria langu wewe?" Nikamjibu, "Mie? Mie nilikuwa kwenye kachumbari."

Niligusa. Niliona mfuko wa chumvi upo wazi, nikadhani kasahau, nikatia. Kama makonzi matano hivi. Nia yangu ilikuwa njema kabisa. Kisha nikanyamaza.

Na haki ya mtu, jamani, haifutiki mpaka mwenyewe akusamehe. Sasa mwenyewe kafa. Nitamwambia nini Mola wangu? Kwamba nilikuwa kwenye kachumbari?

Nikavaa baibui. Nikachukua mkeka, maana misiba ya hapa watu wanakalia viti vya plastiki mpaka wanavimba miguu. Nikajaza chupa kubwa ya kahawa. Anwani yenyewe ilikuwa nje kabisa ya London, mashambani huko kaskazini. Nikaona ajabu, kwani Rukia anakaa Stratford. Nikajiambia labda kumbi za mjini zimejaa. Treni mbili. Njia nzima nilikuwa nikimwomba Rukia msamaha kimoyomoyo, na pengine si kimoyomoyo sana, kwa sababu mama mmoja aliniachia siti zote mbili.

Kituoni nikapata teksi. Dereva mzee wa kilemba, Singasinga mwenye ndevu nyeupe. Alivyoniona na mkeka akauliza kwa Kiswahili, "Mama, wewe ni wa Zanzibar ama Mombasa? Mimi ni mzaliwa wa Nakuru!"

Siku nyingine ningefurahi. Leo nilimwonyesha anwani nikaanza kulia.

"Ah! Unaenda hangar?" akasema. "Leo hangar iko na watu wengi sana. Malori yanaingia tangu juzi."

Tangu juzi! Kwa hiyo kafa tangu juzi, na mimi ndiyo naambiwa leo. Kumbe hata huyu dereva anajua! Nikalia zaidi.

"Pole, mama. Usilie. Hiyo nyumba utaipenda," akasema, masikini, akidhani ananituliza. "Ilijengwa miaka mia imepita na zaidi. Wazungu walikuwa na puto za kupaa, ndefu kuliko kiwanja cha mpira, zinabeba abiria. Sasa puto kama hiyo utaiweka wapi mvua ikinyesha? Ndiyo wakajenga. Lakini zikawa zinaanguka, zinawaka moto, wakaacha. Siku hizi wanakodisha tu. Leo filamu, kesho muziki. Na miaka fulani walikuwa wanachoma ndani."

Kilio kikakatika. "Wanachoma nini?"

"Wanachoma! Kwa majaribio, waone moto unaendaje. Ndani kabisa, na moshi hauendi popote, nyumba ni kubwa mno."

Mimi sikusikia neno majaribio. Nilisikia wanachoma. Jamani, Rukia! Mwanamke wa swala tano, kutoka Mchangani kule Unguja, anakwenda kuchomwa kama kuni! Huyu Zuleikha na mambo yake ya kizungu! Saa nne na dakika arobaini.

"Mzee, kimbiza gari!"

"Mama, hapa mwendo mwisho ni thelathini..."

"Kimbiza, wanamchoma wifi yangu!"

Akanitazama kwenye kioo. Akakanyaga mafuta. (Nakuru hakuitaja tena.)

Tulipokata kona nikaliona. Sijui niwaelezeje. Ni banda la bati katikati ya shamba, lakini banda la majitu. Milango peke yake ni mirefu kuliko ghorofa ninayokaa mimi, na ghorofa yangu lifti yake mbovu, naijua vizuri. Magari mlangoni yalionekana kama punje za mtama.

Getini yupo mlinzi na orodha yake. Nikamwambia mimi ni familia. Akatafuta, na jina langu limo! Akautazama mkeka, akautazama uso wangu, akanikabidhi fulana ya njano inayong'aa na kofia ngumu ya ujenzi. Nimewahi kwenda misibani mara nyingi, lakini kofia ngumu sijawahi kupewa. Nikajiambia, ni ule moto. Nikaivaa juu ya mtandio na kuingia.

Ndani kuna giza kidogo na baridi. Paa liko mbali kiasi kwamba njiwa walikuwa wakiruka humo kama wako nje. Mbele kuna jukwaa. Na watu, jamani. Zaidi ya mia. Wote wamevaa nguo nyeusi! Fulana nyeusi, suruali nyeusi, nyuso zimekaza, hakuna anayecheka. Kama nilibakiza shaka hata chembe, iliishia hapo.

Kisha nikaona wanaume sita wanapanda jukwaani wamebeba sanduku. Refu. Jeusi. Wamelishika pande zote, wanakwenda taratibu, na mmoja anasema, "Careful, careful."

Wakaliweka katikati ya jukwaa. Mtu mmoja akapaza sauti kwa Kiingereza, kimya tafadhali, kila mtu kimya. Wote wakanyamaza. Nikasema, basi, ndiyo hapa. Wanaomba dua ya kizungu, wakimaliza wanamchoma. Ni sasa au Siku ya Hukumu.

Nikakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na nne, na baibui, na kofia ngumu, na mkeka, na chupa ya kahawa, nikapanda ngazi za jukwaa. Kuna aliyeita "Excuse me!" Nikajitupa juu ya sanduku.

"Rukia! Wifi yangu! Nisameheeee!"

Sasa, hakuna aliyeniambia kwamba pale juu ya kichwa changu palikuwa na vipaza sauti. Na kwamba vilikuwa vimewashwa, na kile kimya kilikuwa kimya cha kuvijaribu. Sauti yangu ilitoka kwenye spika ndefu kama minazi, ikaenda hadi mwisho wa lile banda, ikagonga bati, ikarudi. *Nisameheee... meheee... heee.* Njiwa wote wakaruka. Mimi nikadhani ni wafiwa wenzangu wanaitikia, nikapata nguvu.

"Ni mimi niliyetia chumvi! Mara ya pili! Makonzi matano! Haikuwa kosa lako, Rukia, biriani yako ilikuwa nzuri, ni mimi! Nilikudanganya, sikuwa kwenye kachumbari!"

*Kachumbari... umbari... bari...*

Halafu, kutoka nyuma yangu, sauti ninayoijua tangu nikiwa msichana.

"Makonzi mangapi?"

Nikageuka. Rukia kasimama chini ya jukwaa. Mzima. Kofia ngumu kichwani, kikombe cha chai mkononi. Pembeni yake Zuleikha, amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Nikapiga ukelele. (Huo nao ulirudi mara tatu.) Mmoja wa wale wanaume sita akafungua sanduku kwa upole, pengine akidhani nitatulia nikiona. Lilikuwa limejaa nyaya.

"Hangar, shangazi!" Zuleikha anasema, machozi yanamtoka, sijui ya nini. "The building! Hili banda! Nafanya kazi hapa, za taa! Leo tumeruhusiwa kuleta family. Leo hangar ni ya mama, I mean, zamu ya mama! Nilitaka mpatane!"

"Na sauti yako je? Ulikuwa unalia!"

"Nina mafua!"

Simu yake, kumbe, haipatikani kwa sababu bati lile halipitishi mawimbi, na zile nguo nyeusi ni sare ya mafundi wa jukwaa. Kila kitu kina maelezo yake. Mimi nimekaa juu ya sanduku la nyaya, kofia imenifunika jicho moja, watu mia wananitazama, na kahawa inanimwagikia taratibu kwenye baibui.

Rukia akapanda ngazi, pole pole, kama bibi harusi. Nilidhani atanipiga. Nilidhani atanikumbatia. Akasimama mbele yangu, akaweka kikombe chake chini.

"Wifi," akasema. "Miezi minane wananiita Bi Magadi. Nimeacha kwenda kwenye shughuli. Nimeacha kupika." Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. "Sasa inuka. Ile sehemu ya chumvi, irudie. Sogea hapo penye kipaza sauti."

"Rukia, kwa ajili ya Mungu..."

"Irudie. Taratibu. Na utaje jina lako."

Nikairudia. Jina langu, la baba, na la babu. Watu wa fulana nyeusi hawakuelewa hata neno moja, lakini nilipomaliza walipiga makofi, na kijana wa mitambo akanyanyua dole gumba kuonyesha kwamba sauti imetoka vizuri sana.

Rukia akanivua ile kofia, akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake. "Ulinililia kweli?" akauliza.

"Tangu Hayes."

Akacheka mpaka akakaa chini. Tukatandika mkeka palepale jukwaani, tukanywa kahawa iliyobaki, mpaka tukaombwa kwa heshima tuondoke.

Amenisamehe. Na dakika tano zilizopita ameniondolea ile bloku. Nikafurahi, simu ikatoa mlio, nikafungua haraka. Si salamu. Ni sauti yangu, dakika nzima, safi kabisa na mwangwi wake, aliyoirekodi yule kijana wa mitambo. Rukia kaituma kwangu, na kwenye kundi la ukoo mzima, Unguja, Muscat na Toronto.

Itakapowafikia, na itawafikia, cheleweni kidogo kucheka. Bado vituo vinne nishuke, na huyu abiria wa mbele yangu ameshavaa spika za masikioni, jicho moja kwenye simu yake, jingine kwangu.