Banda la Bolivia Haliingii Maji

Jumatatu, 4 Novemba
Nafasi ni moja: mlinzi mkuu wa banda la Bolivia, maonyesho ya sanaa yajayo hapa Venisi. Tunaiwania wawili. Mimi, na shemeji Zorzi, kaka wa mke wangu, mtu wa kusinzia hata akiwa amesimama. Tunalinda sakafu ya matofali ya chumvi, yaliyoletwa na meli kutoka Bolivia. Msanii, Bi Wara, alitueleza maana yake siku ya kwanza. Sikusikia, nilikuwa nje napata glasi moja. Chumvi ni chumvi! Alhamisi anakuja na balozi wao na wapiga picha.

Jumatano, 6 Novemba
King'ora! Bamvua linakuja, bahari itapanda mpaka mitaani. Venisi nzima inapandisha viti mezani. Zorzi? Kakaa, mlango wazi! Nikamwambia chumvi na maji wapi na wapi, mjinga wewe. Akacheka, akasema haya shemeji, tuone ufundi wako, na usisahau ule ufa wa kulia. Wivu tu. Nimeweka bamba la chuma mlangoni, nimeziba kila ufa. Mtoto wa maji, mimi!

Alhamisi, 7 Novemba
Nje maji magotini. Ndani pakavu kama biskuti! Bi Wara akaja na mabuti, akachungulia, akauliza nani kafanya hivi. Nikajitokeza, kifua mbele. Balozi akaanza kulia. Nikampa leso, nikamwambia asijali, ni wajibu wangu.

Kumbe! Bi Wara akanieleza taratibu kwamba nchi yao ilinyang'anywa bahari zamani. Chumvi ile ilisafiri kuja kuonana nayo. Tangu Juni anasubiri bahari iingie mlangoni, na mimi nimeifungia nje. Nilitamani ardhi inimeze. Zorzi anadai alinionya. Mwongo mkubwa!

Ijumaa, 8 Novemba
Bamvua tena. Bamba langu Zorzi kaliondoa. Nimeamriwa nikae ng'ambo ya mfereji. Bahari ikaingia polepole mpaka kwenye chumvi. Bi Wara akavua mabuti, akasimama humo, akalia. Kisha akamkumbatia Zorzi! Nafasi kapewa yeye. Mke wangu anasema kaka yake anastahili. Loo!

Jumanne, 12 Novemba
Nimehamishiwa banda jingine. Aibu tupu! Katikati ya chumba bomba linavuja, tone moja kila dakika. Watu wamelizunguka, kimya, wengine wanaandika. Hakuna hata mmoja wa kusaidia!

Kesho nakuja na spana.